Masomo ya Ujerumani: "Bure" yenye Masharti na Mengine Tunayodanganyana

"Ujerumani chuo ni bure." Mtu akitaja kusoma Ulaya, sentensi hii hutangulia kabla chai haijapoa. Ina ukweli, ila nusu. Vyuo vikuu vingi vya serikali kweli havitozi ada ya masomo, hata kwa mgeni. Haikuwa hivyo siku zote. Miaka ya 2006 na 2007 majimbo kadhaa yalianza kutoza karibu euro 500 kwa muhula, wanafunzi wakaandamana, wanasiasa wakaanza kurudi nyuma mmoja mmoja, na jimbo la mwisho, Niedersachsen, likafuta ada hiyo mwaka 2014. Lakini ukienda Baden-Württemberg na wewe si raia wa Umoja wa Ulaya, tangu 2017 unalipa euro 1,500 kila muhula. Chuo Kikuu cha Ufundi cha München nacho kilianza mwaka 2024 kuwatoza wanafunzi wapya wasio raia wa Umoja wa Ulaya kati ya euro 2,000 na 6,000 kwa muhula. Kwa hiyo kabla ya kushangilia, uliza jimbo na chuo.

Kisha kuna viza. Asiye na ufadhili wala mdhamini kwa kawaida hutakiwa kuweka fedha za mwaka mzima kwenye akaunti maalumu inayofungwa, ukifika unachota kidogo kidogo kila mwezi. Kiwango kilichowekwa Septemba 2024 ni euro 11,904, yaani 992 kwa mwezi. Hii ndiyo "bure" iliyouza mashamba ya watu.

Dhana nyingine ni kwamba mtoto huchujwa akiwa na miaka kumi, na asiyeingia Gymnasium, yaani sekondari inayoandaa watoto kwa chuo kikuu, basi maisha yamemponyoka. Kuchujwa mapema kupo. Elimu iko mikononi mwa majimbo 16, na mengi yao huwagawa watoto baada ya darasa la nne. Berlin na Brandenburg husubiri hadi la sita. Wajerumani wenyewe wanaulalamikia mfumo huu, hasa baada ya matokeo ya PISA, upimaji wa kimataifa wa wanafunzi, yaliyotoka 2001 kuwaonesha jinsi mafanikio ya mtoto yalivyofungamana na hali ya nyumbani kwao. Ila njia hazijazibwa. Kuna shule zisizochuja, kuna kuhamia Gymnasium baadaye, na fundi aliyefikia ngazi ya Meister, yaani fundi mkuu, anaweza kuomba chuo kikuu bila Abitur, cheti cha kumaliza Gymnasium. Mlango upo, ingawa ni mzito kwa mtoto ambaye nyumbani hakuna wa kumwelekeza.

Tunapokosea zaidi ni kuhusu Ausbildung, mafunzo ya kazi ya Kijerumani. Kwetu fundi ni yule "aliyefeli Form Four akapelekwa ufundi", kwa hiyo tunadhani na kule ni vivyo hivyo. Ausbildung ni uanagenzi wenye mkataba. Siku tatu au nne za wiki uko kazini, moja au mbili uko shule ya ufundi, kwa miaka miwili hadi mitatu na nusu. Na unalipwa: sheria imeweka kima cha chini tangu 2020, na aliyeanza mwaka 2025 haruhusiwi kupewa chini ya euro 682 kwa mwezi katika mwaka wa kwanza. Fani zinazotambuliwa zinapita 300, na si za gereji tu. Karani wa benki naye hupita humo. Wapo wanaomaliza Abitur na bado wakachagua njia hii.

"Kiingereza kinatosha." Kwa shahada ya uzamili, mara nyingi ndiyo. Kwa shahada ya kwanza kozi nyingi ni za Kijerumani. Kwenye Ausbildung usijidanganye: mteja na fundi mkuu hawatakungoja utafute neno kwenye simu.

Alama nazo zina vituko. Moja ndiyo bora, tano ni kufeli. Mtanzania aliyezoea Division One haoni ajabu. Mkenya ambaye A yake ni pointi 12 hushtuka. Kinachowashtua wote ni kwamba kwenye mihadhara mingi hakuna anayeita majina, hivyo mtu hudhani mambo ni mteremko. Kwa kawaida kila mtihani una nafasi tatu, ukihesabu na ile ya kwanza. Ukianguka ya tatu kwenye somo la lazima, kozi hiyo imeisha kwako, na kwa kawaida huwezi kuhamia chuo kingine cha Ujerumani ukaisome upya.