Sainasi sugu haihitaji antibiotiki kali zaidi

Pua ikiziba, uso ukiwa mzito na kamasi zikishuka kooni kwa wiki 12 au zaidi, yaani sainasi sugu, ushauri unaosikika ni uleule: tafuta antibiotiki kali zaidi. Nimeona watu wakimaliza dozi tatu na bado hawanusi hata kitunguu kinachoungua jikoni. Inaniuma, kwa sababu mara nyingi tatizo kubwa si bakteria bali uvimbe wa utando wa ndani ya pua, na dozi nyingine ya vidonge haiuondoi.

Tiba ya kuanzia ni ile inayofika palepale penye uvimbe: kuosha pua kwa maji ya chumvi, kisha kupuliza puani steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, kama flutikasoni au mometasoni, kila siku. Wengi hukata tamaa mapema, maana nafuu huchukua wiki kadhaa. Elekeza dawa upande wa sikio, si kwenye ukuta wa katikati, usije ukatoka damu. Usivute kwa nguvu, itaishia kooni. Maji ya kuoshea yachemshwe kwanza na kupoa, kamwe yasitoke bombani moja kwa moja: kuna amiba, kijidudu kisichoonekana kwa macho, anayeweza kupenya hadi ubongoni kupitia puani. Ni nadra, lakini huua.

Matone ya kuzibua pua, kama oksimetazolini, ni kitu kingine kabisa. Ukiyatumia zaidi ya siku chache, pua huziba kuliko mwanzo.

Jicho likivimba, au shingo ikikakamaa pamoja na homa, nenda hospitali siku hiyohiyo.