Nice, neno lililoanza kama tusi

Nilipokuwa mfasiri chipukizi nilipewa kurasa chache za Romeo and Juliet nijipime. Nikafika pale mtawa Laurence anapopata habari kwamba barua yake ya kwenda Mantua haikufika, kwa sababu mjumbe alifungiwa ndani kwa hofu ya tauni. Mtawa anasema barua ile haikuwa "nice". Mimi huyo, kalamu mbio: "Barua haikuwa nzuri." Mzee aliyekuwa akinisahihisha akaikata kwa wino mwekundu, pembeni akaandika: "Haikuwa barua ya mchezo."

Nilibisha. Kisha nikaenda kwenye kamusi, nikarudi kimya. Shakespeare aliandika tamthilia hiyo miaka ya 1590, na wakati huo nice iliweza kuwa na maana ya jambo dogo, lisilo na uzito.

Asili yake ni Kilatini, nescius, yaani asiyejua: ne inakanusha, scire ni kujua. Scire hiyohiyo ndiyo iliyotuzalia sayansi, kwa hiyo maneno haya mawili ni ndugu waliogeuziana migongo. Kifaransa cha kale kikalifupisha likawa nice, mpumbavu, na Waingereza wakalipokea hivyohivyo kwenye miaka ya 1300. Ukimwita mtu nice enzi hizo, umemtukana.

Toka hapo likatangatanga: mwenye haya, mteuzi wa kupindukia, kitu laini, kitu cha kuangaliwa kwa makini. Msidhani maana moja ilikufa ndipo nyingine ikazaliwa. Ziliishi pamoja karne nyingi, ndiyo maana maandishi ya zamani yanatutesa. Maana ya "zuri, la kupendeza" ilishika karne ya 18, ikameza karibu zote. Jane Austen, katika riwaya ya Northanger Abbey iliyotoka mwishoni mwa 1817, tayari anamweka Henry Tilney amtanie msichana anayesema nice kwa kila kitu. Ile ya umakini haijafa kabisa: Mwingereza akisema "nice distinction" hasifii, anataja tofauti nyembamba inayotaka jicho kali. Wanafunzi wangu hunaswa hapo kila mwaka.

Na sisi je? Balaa kwa Kiarabu ni mtihani, msiba. Juzi mwanangu kaonja kijiko cha kwanza, kafumba macho: "Mama, pilau ya leo balaa!" Nikampakulia tena.