Seta isiyo na kazi usiiandike

Jamani, kodi (code) nyingi za Python ninazokagua hapa Kampala zimejaa get_jina, set_jina, get_simu, set_simu, na ukizifungua ndani hamna kitu, geta (ile get_ ya kusoma thamani) inarudisha thamani ilivyo na seta (ile set_ ya kuiandika) inaipokea ilivyo. Ni mazoea ya Java. Kule yana sababu, maana ukiacha fildi (data ya ndani ya kitu, kama jina au simu) wazi halafu baadaye ukataka kuiwekea ukaguzi, kila aliyeigusa lazima abadilishe kodi yake, ndo maana wanajihami mapema. Python haina shida hiyo, property (propati, yaani geta na seta zinazojificha nyuma ya jina la kawaida kama simu) ipo tangu toleo la 2.2 la mwaka 2001, kwa hiyo we anza na self.simu = simu basi, siku sheria ikija unaingiza propati na wote wanaoandika mwanachama.simu wanaendelea vilevile.

Chukua programu ya SACCO. Huyu anaandika namba kuanzia 0, yule 256, mwingine +256 na nafasi katikati, halafu unataka kumtumia mtu gawio lake kwa mobile money. Hapo seta ina kazi kabisa:

```
@property
def simu(self):
    return self._simu

@simu.setter
def simu(self, namba):
    namba = namba.replace(" ", "").lstrip("+")
    if namba.startswith("0"):
        namba = "256" + namba[1:]
    if not (namba.isdigit() and len(namba) == 12
            and namba.startswith("256")):
        raise ValueError("Namba si sahihi")
    self._simu = namba
```

Angalia kile kistari cha chini kwenye _simu, ukikisahau seta inajiita yenyewe, inajiita tena na tena mpaka Python inakata na RecursionError. Ila kwenye __init__ andika self.simu bila kistari, ili hata mwanachama mpya apitie ukaguzi.

Salio sasa, hilo usiliwekee seta kabisa, na hapa mi sibishani na mtu. Weka geta peke yake, akitokea wa kuandika m.salio = 500000 (m ni mwanachama) anapigwa kosa la AttributeError, hela iingie kwa metodi ya weka() na itoke kwa toa(), maana salio linabadilika kwa sababu kuna mtu kaweka au katoa, na mkaguzi wa hesabu atakuja kuuliza ni nani, lini, shilingi ngapi, na metodi hizo mbili ndo mahali pa kuandika hayo yote.

Kitu kingine, geta iwe nyepesi. Anayeandika m.salio hategemei kusubiri sava ijibu, kama lazima uende kwenye databesi fanya metodi ya kawaida, soma_salio(), yale mabano yatamwonyesha kuna kazi inafanyika.