Karantini ya waliorudi nyumbani wakati wa korona: watu walivyoamini na ilivyokuwa kweli

Mwaka 2020 na 2021 kila grupu la familia lilikuwa na mtu wake huko nje anataka kurudi, na kila grupu lilikuwa na mjuzi wake anayeeleza sheria za karantini. Mengine yaliyosemwa mpaka leo yanarudiwa kama ukweli, na mimi yananiuma, manake kuna watu walilipa pesa ambazo hawakuwa nazo, na kuna waliojificha wakidhani wanatafutwa kama wezi. Nitaongea zaidi kuhusu Kenya, na Uingereza kidogo kwa sababu watu wetu wengi wako huko.

"Mimi ni raia, hakuna wa kuniweka karantini nchini kwangu."

Hii nusu yake ni kweli ndio maana inadanganya watu. Katiba ya Kenya, kifungu cha 39, inampa raia haki ya kuingia nchini na kukaa popote. Hata Uhuru Kenyatta, rais wa wakati huo, alipotangaza vikwazo tarehe 15 Machi 2020, siku mbili tu baada ya mgonjwa wa kwanza kutangazwa, raia na wageni wenye vibali vya kuishi waliruhusiwa kuingia, ila kwa sharti la kujitenga. Haki ni ya kuingia. Haikusema ukitoka uwanja wa ndege upande basi moja kwa moja mpaka kwa nyanya kijijini. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, iko tangu zamani na inawapa maofisa wa afya uwezo wa kumtenga mtu aliyekaribiana na ugonjwa wa kuambukiza, awe na pasi ya Kenya au asiwe nayo. Virusi havisomi pasi.

"Nimepima, cheti kinasema sina korona, ya nini tena kunitenga?"

Hili swali liliulizwa na watu wenye akili zao kabisa na jibu halikuwa likitolewa vizuri pale uwanjani, unaambiwa tu panda basi. Jibu ni hili. Virusi vikiingia mwilini havionekani siku ile ile. Kwa wengi ilichukua siku 5 au 6 hivi kabla dalili kutokea, kwa wengine ikaenda mpaka siku 14, na 14 za karantini zilitoka hapo, hakuna aliyeziokota barabarani. Sasa wewe umepima Jumatatu huko uliko, ukaambukizwa Jumanne kwenye sherehe ya kuagwa, ukasafiri Alhamisi na cheti chako safi mkononi. Cheti si cha bandia, lakini kinaongea habari za Jumatatu. Kwa hiyo cheti na karantini ni vitu viwili, kimoja hakifuti kingine, isipokuwa serikali yenyewe iamue kwamba hatari iliyobaki inabebeka. Na Kenya iliamua hivyo baadaye, ndege za kimataifa ziliporudi tarehe 1 Agosti 2020 mtu mwenye cheti cha kipimo cha korona cha PCR kisichozidi saa 96, asiye na dalili na joto lake halizidi nyuzi 37.5, anatoka nchi iliyokubaliwa, aliruhusiwa kwenda zake. Halafu vyeti feki vikawa vingi, ndio tukaletewa ile namba ya siri (code) ya mfumo wa Trusted Travel ya kuhakiki cheti kwa mtandao.

"Karantini ni adhabu."

Hapa siwezi kuwalaumu watu, nawalaumu waliokuwa na madaraka. Mwezi Aprili 2020 ilitangazwa kwamba wanaokamatwa wakivunja kafyu watahesabiwa kama watu waliokutana na virusi na watapelekwa karantini. Fikiria hilo. Mtu anatoka majuu amekubali kujitenga ili asimuambukize mamake, analala jengo moja na mtu aliyeletwa na polisi kwa sababu alichelewa kufika kwake jioni. Ukishafanya karantini iwe kitu cha kutishia watu, basi watu watakukimbia, na walikimbia kweli, ile video ya watu wakiruka ukuta wa KMTC Nairobi, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya kilichotumika kama kituo cha karantini, Aprili ile ile kila mtu aliiona. Watu walicheka, lakini hakukuwa na cha kuchekesha, manake wale waliruka wakarudi kwa watu.

Ukweli ni kwamba karantini ni ya mtu mzima wa afya ambaye huenda ameambukizwa na hajajua bado. Aliyethibitishwa mgonjwa anatengwa kivyake, na hao wawili hawatakiwi kukaa pamoja, wala kuchangia choo, wala kupanga foleni moja ya chakula. Zile Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005 ambazo nchi zetu zote zimekubali, kifungu cha 32 kinasema msafiri atendewe kwa heshima, apewe chakula na maji ya kutosha, mahali pa kulala, matibabu anayohitaji, na njia ya mawasiliano ya lazima, ikiwezekana kwa lugha anayoielewa. Hizo zote ni haki zake.

"Gharama ni zako, dunia nzima iko hivyo."

Hii ndiyo kubwa. Tarehe 22 Machi 2020 ilipotangazwa kwamba ndege za abiria zinasimama tarehe 25, na kila atakayeingia kabla ya hapo ataenda karantini ya lazima kwa gharama zake mwenyewe, watu walikuwa tayari wako njiani. Wengine ni wanafunzi, wengine wamefutwa kazi huko Ghuba, amepata tiketi kwa kuchangiwa. Wanafika JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, wanaambiwa chagua, hoteli au chuo cha serikali, na huko kwa serikali ilikuwa shilingi 2,000 kwa siku, piga hesabu ni 28,000 kwa siku 14. Tanzania nayo iliweka karantini ya siku 14 kwa gharama ya msafiri kuanzia tarehe 23 Machi, ikaiondoa tarehe 18 Mei. Kwa hiyo mtu akiona majirani wote wanafanya hivyo anaamini ndivyo sheria ilivyo.

Lakini Kanuni zile zile, kifungu cha 40, zinasema nchi isimtoze msafiri pesa kwa karantini au kutengwa inakomlazimisha kwa ajili ya afya ya umma. Walioachwa nje ya kinga hiyo ni wasafiri wanaoomba kuja kuishi, wa muda au wa kudumu, na sidhani raia anayerudi kwao anaingia hapo. Sasa ukweli mwingine mchungu, hizo Kanuni hazina polisi. Nchi nyingi, matajiri na maskini, zilitoza na hakuna aliyeziadhibu. Kenya yenyewe ilibadilika mwanzoni mwa Mei 2020, ikasema walioko kwenye vituo vya umma serikali itawalipia, na hilo lilikuja baada ya kelele nyingi za watu waliomaliza siku zao na wakashindwa kutoka kwa sababu ya bili. Mtu hana ugonjwa, kipimo safi, hatoki kwa sababu ya deni! Hiyo si afya tena. Kama ungejua kifungu cha 40 labda bado ungelipa, lakini ungelipa ukidai risiti na maelezo kwa maandishi, na hiyo ina uzito ukienda mahakamani au kwa mbunge.

"Siku 14 ni 14, ya 15 nakula pilau nyumbani."

Ilitegemea. Kama mmoja wenu pale kituoni akikutwa na korona, hesabu ya waliokaribiana naye inaanza upya, kitaalamu ni sawa kabisa. Shida ni kwamba mkichanganywa bwenini na choo kimoja, kila mtu amekaribiana na kila mtu, kwa hiyo kuna waliokaa mara mbili ya muda na hawakuwahi kuugua. Kosa liko kwenye mpangilio wa kituo, hesabu yenyewe haina makosa.

"Nikiwa na pasi nyekundu ya Uingereza au nimechanjwa, hayanihusu."

Uingereza iliiweka Kenya kwenye orodha nyekundu, yaani ya nchi ambazo anayetoka huko lazima akae karantini ya hoteli, tarehe 9 Aprili 2021 ikaitoa tarehe 22 Septemba. Kilichoangaliwa ni umekuwa wapi siku 10 zilizopita. Raia wa Uingereza aliyekuja kuzika Kisumu alirudi akafungiwa hoteli kama mwingine yeyote, pauni 1,750 kwa mtu mmoja, na kuanzia Agosti 2,285. Pasi ilimsaidia kitu kimoja tu, kuruhusiwa kuingia, manake asiye raia wala mkaazi alizuiwa kabisa. Na waliokuwa wakishauriwa waandike uongo kwenye fomu walishauriwa vibaya mno, adhabu iliyowekwa ilikuwa mpaka miaka 10 jela. Chanjo nayo, aliyechanjwa Nairobi hakuhesabiwa kuwa amechanjwa mpaka Oktoba, hata kama ni AstraZeneca ile ile, na nyingine zilitoka Uingereza yenyewe kama msaada. Hilo kisayansi halikuwa na maelezo na watu wetu walikuwa na haki ya kukasirika.

"Kujitenga nyumbani ni kukaa tu ndani."

Hii ndiyo iliyotuponza sisi tuliobaki, si wasafiri. Mtu anafika, anaambiwa ajitenge nyumbani, familia inafurahi, matatu mbili zimeenda kumpokea, jioni shangazi wote wako sebuleni. Hajatoka nje kweli, lakini amekumbatiwa na watu ishirini. Kujitenga ni chumba chake peke yake dirisha wazi, sahani yake, choo chake au kikisafishwa kila akitoka, chakula kinawekwa mlangoni, na mtu mmoja tu ndiye anayemhudumia, asiwe mzee wala mwenye sukari au pumu. Zawadi kwenye sanduku zinaweza kungoja. Shangazi wampigie simu, na kama kuna msiba ndani ya siku hizo asimame mbali na barakoa yake, aliyefiwa ataelewa akielezwa mapema, kwa hiyo mwambieni mapema.