Je, wajua? Wali unanenepesha kweli au tunausingizia tu?

Mtu akianza daieti cha kwanza kufukuzwa mezani ni wali. Utasikia "mi saivi wali nshaacha, nakula ugali tu", na ugali wenyewe ukiuangalia ni mlima, alafu baada ya miezi miwili analalamika kitambi kiko pale pale. Sasa wali una nini hasa ambacho ugali hauna?

Tuanze na hesabu maana hapa ndo wengi wanapotea. Gramu 100 za mchele mkavu zina kalori kama 360. Gramu 100 za unga wa sembe nazo ni humo humo, 360 hivi. Tofauti inakuja kwenye kupika tu, mchele unavuta maji mpaka unakuwa mara mbili na nusu au tatu ya uzito wake, kwahiyo gramu 100 za wali mweupe uliopikwa kwa maji matupu zinabaki na kalori kama 130. Kikombe cha wali ni kalori 200 na kidogo. Hapo hakuna cha kumtisha mtu.

Shida ni hayo maji matupu, maana kwetu nani anapika wali kwa maji matupu akaita wageni? Chukua nusu kilo ya mchele, huo ni kalori 1,800. Ukitia tui zito mililita 400 umeongeza kama 800, yaani karibu nusu ya ulichokuwa nacho, na sufuria kwa macho iko vile vile. Asiyepika na nazi anakaanga kitunguu kwanza, na kijiko kimoja tu cha chakula cha mafuta ni kalori 120, ila jikoni nani anapima kwa kijiko bana, watu wanamimina toka kwenye dumu huku wanaongea na simu. Pilau ndo usiseme. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9 wakati gramu moja ya wanga ina 4, kwahiyo mafuta kidogo yanabadilisha hesabu yote na bado ukimaliza kula utasema "leo nimekula wali mwingi".

Alafu angalia sahani ya kwa mama ntilie (nazipenda sana, msinielewe vibaya). Wali umeshindiliwa kwenye bakuli ukapinduliwa katikati ya sahani umesimama kama kichuguu, pembeni maharage upawa mmoja, mchicha wa kuonja, kipande kimoja cha nyama kwenye mchuzi. Huo wali ni vikombe viwili hata vitatu, na mteja bado anaomba "niongezee ubwabwa kidogo dada", anashushia na soda ya mililita 300 yenye kalori kama 120 za sukari tupu, kisha anarudi kukaa ofisini mpaka jioni.

Sasa nenda Japani. Kule wali unaliwa asubuhi mpaka usiku, vizazi na vizazi, na bado ni moja ya nchi tajiri zenye watu wanene wachache kabisa. Ila wali wao unapikwa bila mafuta, bila nazi, mara nyingi hata chumvi hakuna, na bakuli la mtu mmoja ni dogo, gramu 150 hivi, pembeni pana samaki, supu na mboga. Mtu wa Dar ukimpa bakuli lile atauliza hiki ni cha kuonjea au vipi.

Kuna kisa kingine wengi hawakijui. Mwaka 1939 daktari mmoja Mjerumani aliyekuwa amehamia Marekani, Walter Kempner, alianza kuwatibu wagonjwa wa presha na figo katika Chuo Kikuu cha Duke kwa chakula ambacho karibu chote ni wali na matunda, chumvi karibu hakuna, mafuta karibu hakuna. Baadaye akautumia kwa watu wanene kupita kiasi, na mwaka 1975 akachapisha taarifa ya wagonjwa 106 ambao kila mmoja alikuwa amepungua angalau kilo 45. Kwa wali! Sisemi ujaribu nyumbani, wale walikuwa chini ya madaktari, wanapimiwa chakula na wanafanyishwa mazoezi, na chakula chenyewe hakina ladha kabisa. Lakini kama wali ungekuwa unanenepesha wenyewe kwa wenyewe, wale watu wasingepungua hata kilo moja.

"Mbona mi nilipoacha wali nilipungua kilo mbili ndani ya wiki?" Ni kweli ulipungua, ila kubwa ni maji. Mwili unaweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo inashikilia maji kama gramu 3. Ukikata wanga ghafla akiba inatumika, maji yanatoka kwa mkojo, mzani unashuka unafurahi. Siku ukirudia ubwabwa wa harusini maji yanarudi, kesho yake mzani umepanda, basi wali unapewa kesi ya mauaji.

Ila tusiusafishe sana nao. Mchele mweupe umeshakobolewa, pumba zimeondoka na nyuzinyuzi zake, umebaki laini, unateremka bila kutafuna sana, na protini yake ni kidogo. Ndo maana sahani ya wali mtupu na mchuzi inapandisha sukari haraka kwenye damu na baada ya muda mfupi unaanza tena kuzunguka jikoni unafungua masufuria. Ukipunguza wali ukaongeza maharage, samaki na mboga za kutosha, shibe inakaa. Na kwa mtu mwenye kisukari hii ishu ni nzito zaidi, huyo kiasi chake apangiwe na daktari wake, asisikilize watu wa mtandaoni, mimi nikiwemo. Mchele wa brauni nao watu wanauogopa au wanauabudu bila sababu, kalori zake hazipishani sana na za mweupe, faida yake ni nyuzinyuzi na vitamini. Ukiula sahani mbili utanenepa vizuri tu.

Wanaosema wanga wote ni adui, Chuo Kikuu cha Stanford kiliwachukua watu 609, kundi moja likapunguza wanga na jingine likapunguza mafuta kwa mwaka mzima. Majibu yalitoka 2018, waliopunguza mafuta walishuka wastani wa kilo 5.3 na waliopunguza wanga kilo 6.0, watafiti wakasema tofauti hiyo haina maana.

Na kula wali usiku je? Wali haujui saa ngapi. Kinachotokea usiku ni kwamba mchana hukula, umefika nyumbani na njaa ya kutisha, unajipakulia sahani ya watu wawili, kisha hakuna kutembea tena, ni kochi na kitanda.

Kiporo nacho kina lake, wali ukipoa kwenye friji sehemu ya wanga wake inabadilika inakuwa ngumu kusagika tumboni, kwahiyo sukari inapanda taratibu kidogo, lakini kitambi hakiondoki kwa kiporo. Na uweke kwenye friji mapema, sio sufuria ilale mezani mpaka asubuhi, maana kuna bakteria wanaoacha sumu kwenye wali uliokaa nje, na hiyo sumu hata upashe mpaka ukoko uungue haiondoki.