Ukoma hauli vidole

Wengi wetu tumekua tukiambiwa kwamba ukoma hula nyama, ndiyo maana vidole hukatika. Si kweli, na imani hiyo imewatesa wagonjwa kwa karne nyingi.

Bakteria wa ukoma, aliyegunduliwa na Gerhard Armauer Hansen wa Norwei mwaka 1873, huzaliana polepole mno na hupenda kujificha kwenye ngozi na mishipa ya fahamu (neva). Watu wengi sana kinga yao humshinda, hawaugui kabisa.

Kwa anayeugua, mambo hutegemea saitokini, yaani kemikali ambazo seli za kinga hutumia kupashana habari. Interferoni gama, mojawapo ya kemikali hizo, ikitawala, makrofaji (zile seli zinazomeza vijidudu) hupata nguvu ya kuua. Mabaka ya ngozi huwa machache, lakini vita hivyo hupiganwa ndani ya neva zenyewe na kuzijeruhi. Saitokini nyingine, intaleukini 10, ikitawala, makrofaji hulegea, bakteria wakajaa humo humo na kuenea mwilini.

Neva ikiharibika, ganzi huingia. Mtu hushika sufuria ya moto asisikie chochote. Kidonda kinaingia usaha, maambukizi yanafika mfupani, mfupa unafupika. Ndivyo kidole kinavyopotea, kwa majeraha yasiyouma.

Na wapo ambao, katikati ya matibabu, neva huvimba ghafla na kuuma. Tafadhali wasiache dawa! Hapo ni kinga iliyochachamaa. Wawahi hospitali mara moja, kwani prednisoloni, dawa ya kutuliza kinga, ikianzwa mapema huweza kuiokoa neva.