Baklogi ya gemu ni nini, na unachaguaje ya kucheza sasa

Baklogi ni zile gemu uko nazo tayari, umenunua ama umepewa ama umeazima CD kwa jamaa, na bado unataka kuzicheza lakini hujazifikia. Hiyo "bado unataka" ndio watu huruka na ndio inabeba maana yote. Mtu akiwa na gemu mia mbili kwa Steam, lile duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, haimaanishi ako na baklogi ya mia mbili, pengine ni kumi na tano tu ndio huwa anaziwaza akiwa kwa matatu anaenda kazi, hizo zingine ni mali yake imekaa kwa akaunti na haimdai chochote. Halafu kuna zile hazina mwisho, EA FC, eFootball, Call of Duty Mobile. Hizo hata usiziweke kwa hesabu, juu hakuna siku utaamka useme leo nimemaliza eFootball.

Sababu ya baklogi kukua ni kwamba kupata gemu imekuwa rahisi sana na kucheza bado inataka masaa yale yale. Duka la Epic, lingine la gemu mtandaoni, lilifunguliwa Disemba 2018 na limekuwa likigawa gemu za bure, kwa kawaida zinabadilika kila Alhamisi jioni saa zetu, na Mei 2020 walipeana GTA V yenyewe bure kabisa, watu wengi hadi wenye walikuwa na laptopu haiwezi kuibeba waliichukua tu ikae. Steam nao wako na ofa zao kubwa, ya katikati ya mwaka na ya Disemba, unapata gemu imeshuka hadi bei ya lanchi na unaona ni dhambi kuiacha. Kwa hivyo orodha inaongezeka hata wiki hujagusa padi.

Sasa kuchagua. Watu wengi huanza na swali la "gemu gani ndio kali zaidi hapa" na mimi naona hapo ndio wanakwama, kwa sababu gemu kali ni nyingi na zote zinakaa mbele yako zikingoja, unazunguka kwa menyu nusu saa halafu unarudi kucheza FC. Anza na hali yako. Uko na masaa mangapi kwa wiki, mashine yako inabeba nini, na stima ya kwenu ikoje. Ukishajibu hayo matatu orodha inajikata yenyewe inabaki fupi.

Masaa kwanza. Kuna tovuti inaitwa HowLongToBeat, wachezaji wenyewe huweka muda waliotumia, na inatenganisha hadithi kuu, hadithi na kazi za pembeni, na kumaliza kila kitu. The Witcher 3 ya 2015 ni kama masaa 50 ukifuata hadithi kuu pekee, ukianza kufuata kila mtu ako na shida kijijini zinapita 100. Persona 5 ni karibu 100 hata bila kuzunguka. Sasa piga hesabu, kama wewe hufika nyumbani Mamboleo saa mbili usiku, unakula, unapata lisaa limoja kabla ya kulala, The Witcher 3 itakuchukua karibu miezi miwili na Persona 5 miezi mitatu na zaidi. Si vibaya, mtu anaweza kufurahia hiyo miezi mitatu vizuri sana, lakini uingie ukijua. Kwa upande mwingine Portal ya 2007 inaisha kwa masaa kama matatu, Journey ni mawili hivi, Undertale ni kama sita. Hizo ni Jumamosi moja ama wikendi moja. Na kuna raha ya kuona maandishi ya mwisho yakipanda kwa skrini ambayo mtu wa gemu ndefu ndefu husahau kabisa.

Mashine nayo ina maneno yake. Wengi wetu huku Kisumu, Kakamega, Nakuru tuko na laptopu za eksi-UK, zile zilitumika Uingereza kwanza, ram GB 8, hakuna kadi ya grafiksi ya maana. Baldur's Gate 3 ya 2023 inataka nafasi ya GB 150 na kadi ya ukweli, Red Dead Redemption 2 pia ni GB 150. Kwa waifai ya megabiti 10 kwa sekunde, GB 150 ni kama masaa 33 ya kudaunlodi bila kukatika, na ni nani hapa intaneti yake haijawahi katika masaa 33? Stardew Valley iko chini ya GB moja. Undertale hata usiseme, unaweza kuishusha kwa bando ya simu. Celeste na Hollow Knight pia ni ndogo ukilinganisha na hizo kubwa na zinatembea vizuri kwa hizi mashine zetu. Kwa hivyo omera kama laptopu yako ni ya kawaida, hizo kubwa zitoe kwa orodha ya sasa uziweke kwa ile ya siku utapata mashine ingine, usikae ukiziangalia kila jioni.

Stima watu huisahau lakini mimi naiona ni kubwa kuliko zote, hasa kwa wale wa PlayStation ama desktopu bila UPS, ile betri ya kushikilia stima ikipotea. Kisumu mvua yetu hupenda kuja jioni na radi zake, na hiyo ndio saa watu wametoka kazi wameketi kucheza. Sasa angalia vile gemu inasevu, yaani inahifadhi mahali umefika. Stardew Valley inasevu ukienda kulala mwisho wa siku ya gemu, na siku moja ya gemu ni kama dakika 14 hivi, kwa hivyo stima ikienda umepoteza siku moja ya shamba, hakuna kilio. Portal unaweza kusevu mahali popote. Lakini Hollow Knight inakurudisha kwa benchi ya mwisho uliyoketi ndani ya gemu, na hizo benchi ziko mbalimbali, unaweza kuwa umetembea mahandaki mazima halafu giza. Ni gemu nzuri mno, naipenda, ila iweke msimu wa kiangazi ama ichezwe kwa laptopu yenye betri bado inashika.

Kitu ingine ni gemu uliyoacha katikati. Hiyo ni baklogi ya aina yake na ni ngumu kuliko gemu mpya, kwa sababu ukirudi baada ya miezi vidole vimesahau vitufe na hadithi umeisahau nusu, unaona imekuwa ngumu unaiacha tena. Kama ni fupi anza upya tu. Kama ni ndefu na ulikuwa umeingia ndani sana, tafuta muhtasari wa hadithi usome, cheza kazi ndogo za pembeni mkono urudi, halafu ndio uendelee na hadithi.

Mfululizo nao, watu hushikilia lazima uanze namba moja. Inategemea. God of War ya 2018 cheza kabla ya Ragnarök ya 2022, hapo hakuna mjadala, ni hadithi moja ya baba na mtoto. The Witcher 3 unaweza kuingia moja kwa moja na utaelewa. Final Fantasy zile za namba nyingi ni dunia tofauti kila moja, chukua yoyote. Na Red Dead Redemption 2 ingawa ilitoka 2018 hadithi yake inatangulia ile ya 2010, kwa hivyo ukianza na ya pili hujaharibu kitu.

Mimi napendelea diski iwe na gemu tatu pekee, moja ndefu, moja fupi, na moja ya kucheza na marafiki wakikuja. Zingine futa. Gemu nyingi za Steam zinaweka sevu yako kwa klaudi, yaani mtandaoni, kwa hivyo kuifuta kwa diski hakufuti safari yako, lakini hakikisha kwanza kwa ukurasa wa hiyo gemu, si zote. Ukimaliza ndefu usiingie ndefu ingine mara moja, pitia fupi ya aina tofauti, kichwa kipumue.

Na pesa uliyotumia isikuchagulie. Ukinunua gemu Steam na ikose kukubamba, unaweza kuomba kurudishiwa pesa ndani ya siku 14 kama hujacheza zaidi ya masaa mawili, kwa hivyo kama umenunua kwa ofa ijaribu wiki hiyo hiyo usiiweke tu. Ikiwa muda umepita na umecheza vya kutosha kujua si yako, Steam iko na njia ya kuificha kwa laibrari, inabaki yako na unaweza kuirudisha siku yoyote, ila hutaiona tena ukifungua kutafuta ya kucheza.